Chevrolet Caprice ya zamani: ijue injini kabla hujanunua spea

Fungua boneti ya Caprice steshenwagoni ya mwishoni mwa miaka ya 1980, usome lebo ya moshi iliyobandikwa mbele: lita 5.0. Nenda dukani uagize gasketi za hedi za Chevrolet lita 5.0. Utapewa gasketi nzuri kabisa za injini ya 305 (namba kama hizi ni ujazo wa injini kwa inchi za ujazo), na zikifika kwenye gari hazitakaa, kwa sababu iliyomo ndani si ya Chevrolet. Ni 307 ya Oldsmobile, kitengo kingine cha General Motors kama Chevrolet. Hedi moja ya 305 ina bolti 17. Ya 307 ina bolti 10. Filta ya oili ya 305 iko nyuma kushoto, ya 307 iko mbele kulia. Distribyuta ya 305 inazunguka kufuata mshale wa saa, ya 307 inarudi kinyume. Zote mbili ni V8, zote mbili ni lita 5.0, na zote mbili zilitoka kiwandani zikiwa chini ya boneti yenye nembo ya Chevrolet.

Hiyo ndiyo shida kubwa ya gari hili, kuliko kutu na kuliko unywaji wake wa petroli. Uhakiki huu ni wa Caprice za 1977 hadi 1996, na unamhusu zaidi mtu anayetaka kununua moja au aliyeirithi na sasa anatafuta spea.

Hukumu kwanza, kwa mwenye haraka. Injini bora ya kumiliki ni 350, yaani lita 5.7, yenye nozeli mbili juu, ile inayoitwa L05, ya 1991 hadi 1993. LT1, V8 nyingine ya lita 5.7, ya 1994 hadi 1996, ina nguvu zaidi na inapendeza zaidi barabarani, lakini inataka mwenye gari anayejali maji na oili kuvuja. 305 ya nozeli ni ya kawaida, haina makuu, inafanya kazi. 307 ni ya mtu mwenye subira. Dizeli ya Oldsmobile iache hapo ulipoikuta.

Gari lenyewe halihitaji maneno mengi. Mwaka 1977 General Motors (GM) walipunguza ukubwa wa magari yao makubwa, na Caprice ikabaki na fremu ya chuma chini, injini mbele, magurudumu ya nyuma yakisukuma. Mwaka 1991 ikapewa umbo la mviringo, lakini chini yake fremu na mpangilio vilikuwa vya zamani. Kiwanda cha Arlington, Texas, kiliacha kuiunda Desemba 1996 na kugeukia magari ya aina ya Tahoe. Ghuba ililipenda sana gari hili, na mpaka leo wasomaji wa Muscat na Dubai wanaweza kuyakuta yametunzwa. Wao wawe makini na jambo moja: Caprice zilizouzwa huko kuanzia 1999 zilitengenezwa Australia na Holden. Jina ni moja, gari ni jingine kabisa, na hakuna lolote humu linalolihusu.

Mchanganyiko wa injini haukuanzia kwenye Caprice. Mwaka 1977 Oldsmobile walipungukiwa na injini zao za Rocket 350, wakaweka 350 za Chevrolet kwenye gari lao la Delta 88 bila kumwambia mnunuzi. Watu walijua pale filta na mikanda ya feni ilipokataa kuingia. Jimbo la Illinois likafungua kesi, majimbo mengine yakafuata, na GM wakaishia kulipa fidia na kuandika kwenye matangazo yao kwamba injini za magari yao hutoka vitengo mbalimbali. Wakati huo Chevrolet, Oldsmobile, Buick na Pontiac kila mmoja alikuwa na 350 yake. Ya Chevrolet ina kipenyo cha silinda inchi 4.00 na mwendo wa pistoni inchi 3.48. Ya Oldsmobile ni 4.057 kwa 3.385. Ya Buick ni 3.80 kwa 3.85. Ujazo unakaribiana, lakini pistoni, hedi, krankshafti na gasketi hazifanani hata kidogo. Kwa hiyo usimwambie muuza spea lita. Lita hazitambulishi injini ya GM ya miaka hiyo.

Kinachotambulisha, kwa hatua ya kwanza, ni namba ya chesi. Iko kwenye kibati juu ya dashibodi upande wa dereva, inasomeka kupitia kioo cha mbele. Kwa magari ya 1977 hadi 1980 angalia herufi ya tano: L ni 350 ya Chevrolet, R ni 350 ya Oldsmobile. Kuanzia 1981 namba ikawa na herufi 17, na ya injini ikahamia nafasi ya nane. Hapo H ni 305 ya kabureta, Y ni 307 ya Oldsmobile, Z ni V6 ya lita 4.3, E ni 305 ya nozeli, 7 ni 350 ya nozeli, P ni LT1, W ni L99 (V8 ndogo ya lita 4.3), na N ni dizeli. Ya kumi inataja mwaka wa modeli, na mwaka ni muhimu, kwa sababu herufi hizi hazikuwa na maana moja miaka yote wala kwenye magari yote. Herufi ya injini peke yake bila mwaka inaweza kukupeleka kusiko.

Lakini namba ya chesi inasema gari lilizaliwa na nini, haisemi lina nini leo. Gari la miaka 35 limeshabadilishwa injini mara moja au mbili, na 350 ya Chevrolet ndiyo injini iliyopachikwa kila mahali. Kwa hiyo hatua ya pili ni kusoma bloku yenyewe.

Kwenye injini ya Chevrolet simama mbele ya gari, uangalie upande wa abiria, yaani kulia kwa mtu aliyekaa ndani, mahali hedi inapokutana na bloku kwa mbele. Kuna kibao cha chuma kilichosawazishwa, kidogo kama kiberiti kilicholazwa, mara nyingi kimefichwa na bano la altaneta au la kompresa ya eisii, na juu yake kuna ganda la oili iliyokauka na vumbi. Usikiguse kwa grainda wala msasa mkali. Namba zilizogongwa pale hazina kina. Ukipitisha grainda mara moja zimekwisha, na hakuna mwingine atakayezisoma tena. Nyunyizia dawa ya kusafishia kabureta, acha dakika chache, futa kwa kitambaa, rudia, halafu malizia kwa brashi ya waya ya shaba. Paka chaki nyeupe kwa upande, futa juu kwa kidole: chaki inabaki kwenye mikwaruzo ya namba na zinasomeka hata kwenye mwanga hafifu. Utapata mistari miwili: msimbo wa kiwanda cha injini, na kipande cha namba ya chesi. Wakati mwingine hicho kipande cha namba ya chesi kimegongwa chini, karibu na filta ya oili. Tarakimu zake za mwisho zikilingana na za dashibodi, injini ni ya gari hilo. Zisipolingana, sahau herufi ya nane na uendelee na namba ya kalibu.

Namba ya kalibu imesimama juu ya chuma, haikugongwa. Iko nyuma ya bloku, juu ya ukingo unaoshika giaboksi, upande wa dereva. Kuiona kunahitaji kioo kidogo na tochi, maana ukuta wa gari uko karibu. 3970010 ni bloku maarufu kuliko zote, ya miaka ya 1969 hadi 1979, na mara nyingi ni 350 ingawa ilitumika pia kwa 302 na 327. 14093638 ni 350 ya 1987 hadi 1995. 14010201 ni 305. Upande wa pili wa ukingo huohuo, upande wa abiria, kuna tarehe ya kumimina chuma: herufi ni mwezi, A ikiwa Januari na L ikiwa Desemba, kisha siku, kisha tarakimu ya mwaka. F276 ni tarehe 27 Juni ya mwaka unaoishia na 6. Tarakimu moja haikwambii kama ni 1976 au 1986, ila namba ya kalibu itakuamulia.

Kwa nini kujisumbua hivyo? Kwa sababu 305 na 350 kwa nje ni mapacha. Kava za tapeti ni zilezile, manifoldi ni ileile, pampu ya maji ni ileile, stata ni ileile. Hata ukitoa plagi ukaingiza fimbo kupima mwendo wa pistoni hupati jibu, maana zote mbili zina mwendo wa inchi 3.48. Tofauti yao ni kipenyo: 3.736 kwa 305, 4.00 kwa 350. Muuzaji anayesema "hii ni 350" huku hajui namba ya kalibu, anakisia. Na ukinunua pistoni na ringi kwa kukisia, hela imepotea.

Oldsmobile nayo, hakuna haja ya namba kuitenga na Chevrolet, macho yanatosha. Mdomo wa kujazia oili umesimama mbele kabisa ya injini kama bomba. Kwenye Chevrolet oili humwagwa kupitia kava ya tapeti. Kava ya tapeti ya Oldsmobile imefungwa kwa bolti 10 kuzunguka ukingo wote. Ya Chevrolet ina bolti 4 tu, pembezoni kwenye injini za zamani, na kuanzia 1987 zikahamia katikati ya kava kwa mstari. Ukiona distribyuta iko mbele ya injini na si nyuma, umeikuta Buick au Cadillac kubwa. Si Chevrolet wala Oldsmobile. Kwenye kona ya hedi ya Oldsmobile kuna alama kubwa ya kalibu: 5A kwa 307 za 1980 hadi 1984, 7A kwa za 1985 hadi 1990. Hizi za 7A ndizo zenye tapeti za rola, hivyo usiagize kamshafti kabla hujaisoma hiyo alama.

Hapa kuna mtego unaowaangusha mafundi wazuri. Mpangilio wa moto wa 307, yaani mfuatano wa silinda kuwaka, ni 1-8-4-3-6-5-7-2, sawasawa na wa Chevrolet. Fundi anaupanga kwa mazoea, kufuata mshale wa saa, halafu injini inapiga risasi kwenye kabureta na haiwaki. Namba ziko sahihi, ila distribyuta ya Oldsmobile inazunguka kinyume cha saa. Panga namba zilezile kwa upande wa pili na itawaka.

307 ikiwa nzima ni injini tulivu sana, yenye nguvu za farasi 140 tu, na kwa gari la ukubwa huu ni chache. Kupanda mlima na abiria sita, ni pole pole. Ubaya wake hauko kwenye chuma, uko juu yake: kabureta ya Quadrajet inayoongozwa na kompyuta, na msitu wa mipira ya vakyumu ambayo baada ya miaka 35 imekauka kama makuti. Kabla hujaigusa kabureta badilisha mipira yote, mmoja mmoja, huku ukifuata mchoro wa lebo chini ya boneti. Ukiitoa yote kwa pamoja utaijutia. Jambo la pili ni taiming cheni. Sproketi ya kamshafti ya kiwandani ina meno yaliyofunikwa nailoni ili isipige kelele. Nailoni inazeeka, inapasuka, vipande vinaangukia kwenye sampu na kuziba wavu wa pampu ya oili. Dalili ni taiming inayoyumba, na presha ya oili inayoshuka injini ikipata joto. Unapobadilisha cheni weka sproketi ya chuma kitupu, na sampu lazima ishuke uoshe wavu. Kubadilisha cheni bila kushusha sampu ni nusu ya kazi. Ugonjwa huo wa nailoni Chevrolet za zamani wanao pia.

Spea za 307 zinazidi kuadimika, na wengi hufikiria kuitoa na kuweka 350 ya Chevrolet. Inawezekana, lakini matundu ya giaboksi ya Oldsmobile hayalingani na ya Chevrolet, na maunti za injini ni tofauti. Bahati ni kwamba giaboksi nyingi za 200-4R zilizofungwa nyuma ya 307 zina matundu ya aina zote mbili kwenye uso wake. Yahesabu kabla hujanunua injini.

305 ya kabureta, herufi H, inatumia Quadrajet hiyohiyo, na hii kabureta imesingiziwa mengi. Ni kabureta nzuri. Udhaifu wake mkubwa uko chini, kwenye vizibo vya visima vya mafuta. Vinaanza kuvuja taratibu, bakuli linamwagikia ndani ya manifoldi usiku kucha, asubuhi unapiga stata mpaka betri inachoka. Watu wanabadilisha pampu ya mafuta bure. Jaribio ni rahisi: asubuhi, injini ikiwa baridi na kabla ya kupiga stata, toa kava ya filta ya hewa, sukuma leva ya mafuta kwa mkono huku ukichungulia ndani. Michirizi miwili ya petroli ikitoka, bakuli limejaa na tatizo liko kwingine. Isipotoka, bakuli ni tupu. Ishushe, igeuze, safisha vizibo mpaka chuma king'ae, uvifunike kwa gundi ya epoksi inayostahimili petroli, uache ikauke siku nzima.

Ugonjwa mwingine wa Chevrolet za miaka hiyo ni kamshafti kulika. Injini inamisi kidogo, plagi ni mpya, kompresheni ni nzuri, na bado haivuti. Toa kava za tapeti, zungusha injini kwa spana, ulinganishe kimo cha kila roka. Ile inayonyanyuka kidogo kuliko wenzake, nundu ya kamshafti chini yake imeliwa. Kamshafti mpya inakwenda na tapeti mpya zote 16, hakuna kuchagua. Wakati wa kurekebisha, kaza nati ya roka mpaka kijiti kiache kucheza, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Bolti za hedi zinapita hadi kwenye njia ya maji, hivyo kila nyuzi ipakwe dawa ya kuziba, la sivyo maji yatapanda kupitia bolti mpaka kwenye oili na utalaumu gasketi. Anzia katikati ukienda nje, kwa awamu tatu, hadi ratili-futi 65, yaani karibu Nm 88.

Mwaka 1986 Chevrolet walibadilisha sili ya nyuma ya krankshafti, kutoka vipande viwili ikawa kipande kimoja. Ni mabadiliko mazuri, sili ya vipande viwili ilikuwa inavuja kila mara. Lakini yanaleta ajali kwa anayechanganya injini. Duara la bolti nyuma ya krankshafti lilikuwa inchi 3.58, likawa 3.00, kwa hiyo sahani inayounganisha injini na giaboksi ya otomatiki haihamishiki kutoka ya zamani kwenda mpya. Sahani ya injini mpya, zaidi ya hayo, ina uzito wa kusawazisha uliochomelewa upande mmoja. Ukifunga sahani isiyo na uzito huo, bolti zitaingia, gari litawaka, na litatetemeka kadiri unavyoongeza mwendo mpaka usukani ukutie ganzi mikononi. Fundi atabadilisha maunti, atabadilisha shafti, mtetemo uko palepale. Hesabu na meno pia: sahani ya inchi 12¾ ina meno 153, ya inchi 14 ina 168, na stata zake zinatofautiana, ya meno 153 ina bolti mbili zilizokaa sambamba, ya 168 zimepishana. Stata mpya ikipiga mluzi wakati inazungusha, kabla injini haijawaka, iko mbali mno na sahani. Ikipiga mluzi injini inapowaka na stata inapoachia, iko karibu mno, na inataka kibati chembamba kati yake na bloku.

Sasa 305 na 350 za nozeli, E na 7. Mtu anayetaka kuendesha gari badala ya kulilaza gereji achukue hii. Nozeli mbili zimekaa juu ya manifoldi pale kabureta ilipokuwa, distribyuta iko nyuma mahali pa kuonekana, na kompyuta yake inazungumza bila mashine. Kwa Caprice za 1991 hadi 1993 nguvu ni farasi 170 kwa 305 na 180 kwa 350 ya raia. Ya polisi ilifikishwa 205. 350 haikufungwa kila gari. Itafute kwenye yaliyokuwa ya polisi na kwenye baadhi ya steshenwagoni.

Kusoma makosa, unganisha tundu A na B la soketi iliyo chini ya dashibodi kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuwasha injini, uhesabu taa ya injini inavyopepesa. Itaanza na 12 mara tatu, maana yake kompyuta ni hai, kisha makosa yafuate. Presha ya mafuta ni psi 9 hadi 13 tu, ndogo sana, kwa hiyo pampu iliyochoka kidogo tu au filta iliyoziba inaonekana mara moja. Elekeza taa ya taiming kwenye nozeli injini ikiwa inanguruma: unyunyuzi uwe koni mbili zilizo sawa. Zima injini. Tone lolote linaloendelea kudondoka ni ringi ya mpira ya nozeli au nozeli yenyewe, nayo ndiyo sababu ya moshi mweusi na oili inayonuka petroli. Kabla ya kupanga taiming kata kwanza waya mmoja wa kahawia hafifu wenye mstari mweusi kwenye kiunganishi chake, ili kompyuta isiingilie, kisha weka kama lebo ya boneti inavyosema. Anayepanga bila kukata waya huo anapimana nguvu na kompyuta, na gari litakuwa zito siku zote.

LT1 ni habari nyingine. Farasi 260 kwenye Caprice, Impala SS, Buick Roadmaster na Cadillac Fleetwood ya 1994 hadi 1996, na unazihisi. Maji yanaingia kwenye hedi kwanza, ndipo yashuke kwenye bloku, kinyume cha injini za kabla yake. Hedi inabaki baridi na injini inavumilia kompresheni ya juu. Kwa joto la Ghuba ni wazo la maana. Lakini pampu ya maji inaendeshwa kwa gia kutoka kwenye sproketi ya kamshafti, na chini yake moja kwa moja wameweka distribyuta inayoitwa Optispark, yenye jicho la mwanga linalosoma sahani ya matundu 360. Pampu ikianza kuvuja, na kila pampu huvuja siku moja, maji yanadondokea juu ya Optispark. Injini inaanza kumisi asubuhi zenye unyevu, inatulia ikipata joto, kisha siku moja inazima kabisa.

Kwa hiyo ukikagua LT1 ya kununua, lala chini na tochi uangalie tundu dogo la kutolea machozi chini ya pampu. Alama ya kijani au nyeupe iliyokauka pale ina maana bei ya Optispark iko kwenye gari hilo, iwe bado inafanya kazi au la. Kazi hii ifanywe mara moja na kwa ukamilifu: pampu, Optispark, waya za plagi, na sili zote tatu za kava ya taiming, yaani ya krankshafti, ya shafti ya pampu na ya Optispark. Oili inayovuja kwenye sili ya pampu inaua Optispark sawa na maji. Ziko aina mbili za Optispark, moja yenye kishikizo cha meno na nyingine ya pini, hivyo usiagize kabla ya kuitoa ya zamani ukaona mwisho wa kamshafti. Yenye mipira ya kupitisha hewa ikaguliwe mipira hiyo isiwe imeziba, kwa sababu ndiyo inayotoa unyevu ndani.

Ukirudisha maji, fungua skrubu ya hewa kwenye nyumba ya thamostati, jaza taratibu, uifunge pale tu yanapotoka maji matupu bila mapovu. Hewa iliyobaki kwenye hedi inachemsha injini huku geji ikionesha salama. Na kabla hujakubali kushusha giaboksi kwa ajili ya sili ya nyuma, pitisha kidole nyuma ya manifoldi ya hewa. LT1 huvuja oili hapo mara nyingi, inatiririka nyuma ya bloku na kudondoka mahali palepale ambapo sili mbovu ingedondosha. Kutoa manifoldi na kupaka silikoni mpya ni kazi ndogo mno ukilinganisha na kushusha giaboksi.

Jambo la mwisho kuhusu hizi za 1994 hadi 1996 ndilo linalowaumiza wanunuzi zaidi. Caprice nyingi za kawaida na teksi hazina LT1. Zina L99, V8 ya lita 4.3 yenye farasi 200, na ukizitazama chini ya boneti hutazitofautisha: Optispark ileile, pampu ileile, manifoldi ya umbo lilelile. Ndani ina kipenyo cha 305, 3.736, na mwendo wa pistoni wa inchi 3.00 tu. Si injini mbaya. Inazunguka kwa ulaini na inadumu, ila inauzwa kwa bei ya LT1 na mtu anaigundua siku ya kwanza ya kupandisha mlima. Na usichanganye 4.3 hii na V6 ya 4.3, herufi Z, ambayo ni 350 iliyopunguzwa silinda mbili na inabaki na kipenyo cha 4.00 na mwendo wa 3.48. Ukiagiza pistoni za "4.3 ya Chevrolet" bila kutaja V6 au V8, duka lina haki ya kukuletea zozote.

Dizeli ya lita 5.7, herufi N, ilifungwa Caprice hadi 1985. Oldsmobile waliipa kompresheni ya 22.5 kwa 1 lakini wakaibakizia bolti 10 tu kwa kila hedi, kama injini ya petroli. Hedi zinanyanyuka, gasketi zinapasuka, maji yanaingia kwenye silinda na injini inaharibika. Hakukuwa hata na kichungi cha kutenga maji kwenye mafuta. Kama bodi ya gari ni nzuri na bei ni ya chini, nunua bodi, injini ichukuliwe kuwa haipo.

Kwa anayekwenda kukagua gari wikiendi hii: beba tochi, kioo kidogo, dawa ya kabureta, brashi ya shaba na chaki. Kwa gari la 1994 hadi 1996, kabla ya kufungua hata boneti, soma nafasi ya nane kwenye dashibodi. Ikiwa W, jadiliana bei ya W.